Fidia ya mzimamoto aliyeumia kazini: bega walilipa, mapafu bado tunavutana

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Kwa jeraha linaloonekana kwenye picha, mfumo wa fidia kwa wafanyakazi umenitendea haki, tena upesi kuliko nilivyotegemea. Kwa moshi nilioumeza usiku huohuo, kwenye moto huohuo, ni habari nyingine kabisa. Nimefungua madai mawili kutokana na tukio moja, na nimeona jinsi faili moja linavyopita mlangoni huku jingine likiambiwa lisubiri.

Tukio lenyewe halina maajabu kwa watu wa kazi yetu. Ghala lenye sakafu ya juu ya mbao, moto ulishazimwa, tukawa tunafukua mabaki. Sakafu ilimbeba mwenzangu ikanikataa mimi. Nilidaka boriti kwa mkono mmoja, bega likachomoka na kano zikachanika. Barakoa iling'oka usoni, nikavuta moshi wa plastiki mpaka waliponifikia. Kampuni ya bima iliyomkatia mwajiri wangu siitaji, maana dai moja bado liko kwenye rufaa.

Msingi wa fidia hii ni kwamba hatafutwi mkosaji. Huhitaji kuthibitisha kwamba afande alizembea, na wao hawakunyimi kwa kuwa ulikanyaga pabaya. Umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, inatosha. Gharama ya urahisi huo ni kwamba katika nchi nyingi unapoteza haki ya kumshtaki mwajiri wako mahakamani. Mapatano haya ni ya zamani; Ujerumani iliyawekea sheria mwaka 1884 na wengine wakafuata, kila mmoja kwa namna yake. Mlango unaobaki wazi sehemu nyingi ni kumdai mtu wa tatu, kwa mfano aliyetengeneza kifaa kilichokuangusha. Barakoa yangu ilikaguliwa ikaonekana nzima, kwa hiyo mlango huo sikuutumia. Lakini kama kilichokuponza ni vali, mkanda au ngazi, usikubali kifaa hicho kirudi stoo kikasafishwe. Kiwekwe kando na kiandikwe jina la aliyekipokea.

Sasa bega. Hapa sina ugomvi. Taarifa ya ajali iliandikwa kabla zamu haijaisha, upasuaji ulikubaliwa bila kuzungushwa, mazoezi ya viungo yakalipiwa mpaka mtaalamu mwenyewe aliposema yatosha. Sikutoa hela mfukoni kwa dawa wala kwa vipimo. Ofisa madai aliyeshika faili langu alikuwa mtu wa kujibu simu, na ninamsifu kwa moyo mweupe.

Mshahara wa kipindi cha kukaa nyumbani ndio uliouma. Watu hudhani fidia ni mshahara kamili. Sivyo. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, kwa mfano wa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Nchi nyingi huzungukia hapo au theluthi mbili, na baadhi huwapa wazimamoto mshahara kamili kwa kipindi fulani. Swali kubwa ni asilimia hiyo inapigwa juu ya nini. Sisi tunaishi kwa posho za usiku na saa za ziada. Hesabu ya kwanza niliyotumiwa ilishika mshahara wa msingi peke yake, kana kwamba sijawahi kulala kituoni. Nilipeleka hati za malipo za mwaka mzima uliotangulia, wakarekebisha na kulipa pengo. Omba karatasi ya hesabu, usiridhike na tarakimu ya mwisho. Na kama una kazi ya pembeni siku za mapumziko, uliza mapema iwapo sheria yako inaihesabu, maana kuna mahali inahesabiwa na mahali haitambuliki kabisa. Siku za kwanza za kukaa nyumbani nazo huenda zisilipwe. Mifumo mingi ina siku chache za kusubiri, ambazo hurudishwa tu ukikaa nje muda mrefu.

Halafu kuna daktari wa bima. Huyu si daktari wako, na anayemlipa si wewe. Hakukutibu, anakukagua. Wangu alikuwa mpole, akanipima jinsi mkono unavyonyanyuka, akauliza maswali mafupi. Nilijibu nilichoulizwa. Ripoti yake ilisema nimefikia kikomo cha nafuu, yaani tiba haitanipeleka mbele zaidi, na kilichobaki ni ulemavu wa kudumu wa sehemu. Ikafuata asilimia.

Asilimia hiyo inastahili maneno mengi kuliko yanayoandikwa kwenye vijitabu vya maelezo. Vitabu vya tathmini hupima kiungo: bega limepoteza kiasi gani cha mwendo, nguvu imepungua vipi. Havipimi kazi. Mtu wa mezani mwenye bega kama langu atafungua kompyuta kesho yake. Mimi natakiwa nipande ngazi na mtungi wa hewa mgongoni, nishike mpira wa maji wenye presha, na nimbebe mtu aliyezimia. Mwili uleule, asilimia ileile, mmoja anarudi kazini na mwingine kazi yake imekwisha. Baadhi ya mifumo huongeza kitu kwa kupoteza uwezo wa kipato, mingine hulipa kiungo na kufunga faili. Uliza unatathminiwa kwa kipi kati ya hivyo viwili kabla ya kusaini chochote. Mimi nilimwomba daktari aliyenipasua aandike barua fupi inayotaja majukumu ya mzimamoto moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja aseme naliweza au siliwezi. Barua hiyo ilibadilisha mazungumzo yote.

Kazi nyepesi nayo. Ukipewa ukaikataa bila daktari wako kusema huiwezi, malipo yanaweza kusimamishwa. Nilipangiwa ukaguzi wa vifaa na kupokea simu za dharura. Ni kazi ya heshima, ila mtu asikwambie kusikiliza moto kwenye simu ni rahisi.

Sasa mapafu, ambako nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Fomu ya taarifa ya ajali iliuliza: kiungo kilichoumia. Nafasi ya mstari mmoja. Maumivu ya bega yalikuwa yananiondoa akili, ningeandika bega na kulala. Mkuu wa zamu yetu, mtu mzima aliyeona mengi, alisimama juu yangu akasema, "Kijana, andika na moshi. Andika unakohoa." Nikaandika pembeni ya mstari, herufi zimebanana. Ninachokidai leo kinasimama juu ya maneno hayo.

Sababu ni hii. Daktari wa kifua aliniambia nina njia za hewa zilizochachamaa kufuatia kuvuta moshi mwingi kwa mara moja, aina ya pumu inayoweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuugua kifua. Vigezo vya ugonjwa huo ni vikali: usiwe na historia ya ugonjwa kama huo, dalili zianze ndani ya saa 24 baada ya tukio, na ziendelee kwa miezi 3 au zaidi. Angalia hicho kigezo cha saa 24. Kama siku ile hakuna mahali palipoandikwa kwamba unakohoa, miezi mitatu baadaye utaapa mpaka uchoke. Mwenzangu mmoja aliyekuwa chini yetu usiku ule alivuta moshi kama mimi, lakini hakuvunjika kitu, akaenda kuoga na kulala. Kifua kilipomzidi, jibu alilopewa ni kwamba hakuna tukio.

Ushahidi wa moshi unakimbia kweli, mwilini kabisa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, ikishaingia kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa saa 4 hadi 5 ukipumua hewa ya kawaida; ukiwekewa oksijeni safi, hupungua nusu kwa dakika 90 hivi au chini yake. Na jambo la kwanza wanalokufanyia wenzako ni kukuwekea oksijeni, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo damu ikichukuliwa kesho yake asubuhi, inasoma kama ya mtu aliyelala kwake. Bima walinionyesha kipimo cha namna hiyo wakasema: tazama, hukuvuta kitu. Daktari wangu aliwajibu kwa kuandika saa ya oksijeni na saa ya kutolewa damu. Kama hujazimia na una sauti, omba damu itolewe mapema, na saa iandikwe.

Kilichonisaidia kingine ni kipimo cha kupuliza tunachofanyiwa kila mwaka. Wengi tunakichukulia kama usumbufu wa utawala. Nilipopeleka vya miaka iliyotangulia, vyote safi, na cha baada ya moto kimeshuka, hoja kwamba kifua changu kilikuwa hivi tangu zamani ilikosa miguu. Wakahamia kwenye vumbi la nyumbani. Baadaye wakahamia kwenye mzio. Nilikuwa na hamu ya kujua watamaliza na nini. Dai likakataliwa kwa sababu kwamba uhusiano na kazi haujathibitishwa kwa kiwango kinachotosha, nikakata rufaa ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Muda huo huwa mfupi na huanza kuhesabiwa kutoka tarehe ya barua au ya kuipokea, kutegemea sheria. Tunza bahasha.

Mimi angalau nina usiku mmoja wa kunyooshea kidole. Kwa saratani hakuna usiku mmoja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kuzima moto mwaka 2007 kwenye kundi la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani, na mwaka 2022 likaipandisha hadi kundi la 1, yaani husababisha saratani kwa binadamu, likitaja saratani ya kibofu na ile ya utando wa mapafu iitwayo mesothelioma. Hiyo ya pili inaweza kuchukua miongo kujitokeza baada ya mtu kuvuta vumbi la asbesto, madini yaliyotumika kwenye mapaa na kuta za majengo mengi ya zamani. Nani atakumbuka ni jengo lipi?

Ndiyo maana baadhi ya nchi zimegeuza mzigo wa kuthibitisha. Jimbo la Manitoba nchini Kanada lilipitisha mwaka 2002 sheria inayochukulia kwamba saratani fulani za mzimamoto aliyetumikia miaka ya kutosha zimetokana na kazi, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria za aina hiyo, nyingine zikigusa moyo na mapafu. Tofauti ni kubwa: badala ya wewe mgonjwa kutafuta ushahidi wa moto wa miaka ishirini iliyopita, wao ndio wautafute wa kukukanusha. Bado kuna masharti ya miaka ya utumishi, orodha ya magonjwa, na historia ya uvutaji sigara. Usidhani jina la ugonjwa peke yake linatosha.

Mahali pasipo na sheria hiyo, unabaki na daftari lako. Langu nalianza upya kila mwaka: tarehe, aina ya jengo, kilichokuwa kinaungua, muda niliokaa ndani, kama nilivaa barakoa wakati wa kufukua mabaki, na nilivyojisikia baadaye. Hatua hiyo ya mabaki ndiyo tunayovua barakoa kwa sababu moto hauonekani, na hewa bado ni chafu. Kitabu cha matukio cha kituo hakitaji nani alivuta nini.

Kuhusu akili sina mengi, kwa kuwa sikufungua dai la namna hiyo. Nijualo ni kwamba msongo unaotokana na matukio ya kutisha umo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyopitiwa mwaka 2010, ilhali bado kuna mifumo inayotaka uwe umeumia mwili kwanza ndipo isikilize. Wenzangu wawili watatu wameamua kunyamaza kwa sababu hiyo. Naona ni aibu ya mfumo, na aibu hiyo si yao.

Wakili? Kwa bega sikumhitaji. Kwa mapafu nimemchukua, kupitia chama cha wafanyakazi, na ningemshauri yeyote mwenye dai la ugonjwa afanye hivyo mara tu barua ya kwanza ya kukataa inapofika. Soma malipo yake yamewekewa kikomo gani kisheria.

Kuna ofa moja iko mezani. Wanataka nipokee malipo ya mkupuo ya bega na nisaini kwamba tumemalizana. Kiasi si kibaya. Ila karatasi inasema "madai yote yanayotokana na tukio", na tukio ni lile lile lililonipa kikohozi. Pia ndani ya bega kuna skrubu ambazo daktari anasema huenda zikahitaji kutolewa siku za usoni. Nimewarudishia na marekebisho mawili: neno "bega" liandikwe waziwazi, na matibabu ya bega yabaki wazi hata baada ya malipo. La kwanza wamelikubali. La pili wamesema watanijibu, na mpaka wanijibu kalamu yangu iko mfukoni.