Neno moja tu, na bando la wiki likaungua

Modemu yenyewe haina kosa, hilo niliseme mapema. Ni ile ya kuchomeka kwenye USB, naitumia kwenye ThinkPad yangu, laptopu ya zamani inayoendeshwa na mfumo wa Linux badala ya Windows, na hata hapa ninapoandika ndiyo inanipa intaneti. Hasira zangu ni za kaunta ya kampuni ya mtandao.

Mwanzoni ilinisumbua, sikatai. Unaichomeka, laptopu inadhani umeweka CD, kwa sababu ndani yake wamefungia programu ya Windows, na modemu imejificha nyuma yake mpaka ibembelezwe. Dawa yake ni programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, nilishaiweka siku nyingi. CD ikatoweka, ikajitokeza milango ya modemu yenyewe: ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2. Hapo nikajiona fundi.

Halafu wvdial, programu ya kuipigisha modemu simu ili iunganishe intaneti. Inapiga *99#, kama enzi zile za simu ya mezani modemu ikilia kama jogoo mgonjwa, ila hii hailii wala hakuna wa kupokea. Mazoea ya kurithi tu. Jibu: NO CARRIER, yaani hakuna muunganisho. Napiga tena. NO CARRIER. Mpaka usiku wa manane.

Nilijua kinachokosekana: APN, lile jina ambalo modemu lazima ilitaje ndipo mtandao uifungulie. Nikasema kesho napita dukani kwao, naulizia, dakika mbili nimetoka.

Dakika mbili! Nilichukua namba ya foleni asubuhi, kaunta nikaifikia saa saba mchana. Kijana akanipa shikamoo macho yakiwa kwenye simu yake. Marahaba, mwanangu, naomba jina la APN yenu.

"Mzee, unatumia Windows ngapi?"

Nikamwambia Linux. Akamgeukia mwenzake, wakacheka. "Mzee wangu, hiyo haikubali. Peleka kwa fundi akuwekee Windows, 15,000 tu." Nikarudia kwamba sihitaji Windows, nahitaji neno. "Basi hiyo modemu imekufa. Nunua mpya, tuna ofa." Na kidole chake kilishabonyeza kumwita namba inayofuata.

Mtu mzima nimebaki nimesimama na modemu mkononi kama mtoto aliyetumwa chumvi akapoteza hela.

Siku zikaenda, na bando la wiki nilishaliunga tangu mwanzo kwa mbwembwe. Usiku mmoja ndipo akili ikanijia: nikachomoa laini, nikaiweka kwenye simu ya mke wangu, maana simu hujiwekea mipangilio zenyewe. Nikachimba kwenye mambo ya mtandao, nikalikuta. internet. Herufi nane. Ndilo neno nililochekewa!

Nikaongeza mstari kwenye wvdial.conf, faili la mipangilio ya wvdial: Init3 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet". Username na Password nikaandika uongo wowote, maana wvdial haitaki ziachwe tupu. Na Stupid Mode = 1, yaani washa hali ya ujinga; hiyo nilitamani kumpelekea kijana wa kaunta. CONNECT. Namba za IP zikateremka, taa ikaacha kupepesa.

Nilikuwa nimejiandaa kutoa nyota moja. Video ikafunguka, ikaenda bila kukwama, nikapanda mpaka nne. Mke wangu akatoka chumbani kuuliza nacheka na nani. Saa sita usiku ikakata. Napiga, inaunganisha, ukurasa haufunguki. Wiki imeisha, na bando limeondoka na GB zake karibu zote sijazigusa.

Basi, nyota moja. Hapana, mbili, modemu isiponzwe na wenyewe.

Bando jipya nimenunulia vocha kwa mangi wa hapa mtaani, ambaye watu humpelekea simu zao zikigoma. Nikamuuliza kwa uchokozi tu, mangi, APN ya hawa jamaa ni ipi? Hakuinua hata kichwa kwenye mizani, alikuwa anapima sukari.

"Hao? Andika internet. Nusu au kilo?"