Tisheti mbili za buku tano, mitumba Bagamoyo: moja liberali moja konsavativu

Wadau nimeona watu wanauliza kama mitumba ya Bagamoyo ni mali au ni makapi ya soko la Karume yaliyokosa wateja Dar. Mimi nimenunua pale upande wa Magomeni Jumamosi ya juzi juzi hapa, nasema nilichokiona, muuzaji simtaji maana nitarudi tena kwake.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi jamaa ndo anafungua belo la tisheti za Marekani. Belo hulijui lina nini mpaka lifunguliwe, na hili lilikuwa la ajabu, nusu tisheti za timu za shule nusu za siasa, za tembo, alama ya chama cha Republican, za punda, alama ya Democrat, vyama vikubwa viwili vya kule, za wagombea walioshindwa zamani huko. Nikachomoa mbili, nyekundu imeandikwa kizungu kwamba mvaaji ni konsavativu, yaani mhafidhina, na anajivunia, na ya bluu mvaaji ni liberali na haombi radhi. Moja buku tatu, nikalia lia nikapewa zote kwa buku tano. Kwa bei sina kinyongo.

Nyekundu nilichukua kwa sababu mimi ni Simba, basi, hata kusoma sikusoma, na muuzaji aliniingia kwa gia hiyo hiyo, "bosi hii unaenda nayo kwa Mkapa". Pembeni kulikuwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu anachambua suruali, akacheka, kijana hapo umebeba chama cha watu. Nikamwambia shikamoo mwalimu, nyekundu si ya wajamaa, si China hiyo, si Labour ya Uingereza? Akaitikia, marahaba, kwingine kwingi ndiyo, Marekani ndo wamegeuza, tena sio zamani, ni uchaguzi wa urais wa 2000 wa Bush wa Republican na Gore wa Democrat, mgogoro wa kura za Florida ulienda zaidi ya mwezi na muda wote huo ramani zipo kwenye TV Republican nyekundu Democrat bluu, watu wakazoea hivyo. Kabla ya hapo kila kituo kilikuwa kinapaka kinavyotaka.

Sasa hapo ndo ikaanza huduma ambayo sikuilipia.

Maana mimi nilijua liberali ni mtu wa uhuru, biashara huria, serikali ikae mbali. Mwalimu akasema ndivyo neno lilivyoanza, na Ulaya sehemu nyingi bado lina harufu hiyo, na Australia chama kinachoitwa Liberal, alichoanzisha Menzies 1944, ndo chama cha wahafidhina wao. Marekani lilihama miaka ya 1930. Uchumi ulianguka 1929, Franklin Roosevelt wa Democrat akashinda urais 1932, akaiingiza serikali kwenye mabenki, kwenye kilimo, kwenye ajira, 1935 akaleta pensheni ya wazee, na hayo yote akayaita uliberali, kwamba mtu mwenye njaa huo uhuru anautumia wapi. Hoover, rais aliyeshindwa naye, alilalamika kwamba liberali wa kweli ni yeye, lakini neno lilishachukuliwa. Ndo mpaka leo kule liberali ni mtu anayetaka serikali iweke mkono kwenye bima ya afya, kima cha chini cha mshahara, silaha, mazingira, ila kwenye mimba na ndoa hapo ndo anataka iondoe mkono.

Akaishika kola ya ile tisheti, soma lebo. Nikasoma, M. Haya vaa. Nikavaa juu ya shati, wallahi ilinifika karibu na magoti. Akasema hata neno nalo lina saizi, uliza kwanza limepimwa wapi.

Muuzaji akadakia, mhafidhina si yule aliyehifadhi Qurani? Tulicheka ila mwalimu hakucheka sana, akasema mzizi mmoja, kuhifadhi, swali ni anahifadhi nini. Wa Marekani wanahifadhi vitu viwili ambavyo vyenyewe havipatani kila siku, soko lisiguswe na familia na kanisa visiguswe, wakati soko lenyewe ndo linafungua duka Jumapili na kumtoa baba mji mmoja kwenda mwingine. Miaka ya vita baridi waliunganishwa na adui mmoja, ukomunisti, na Reagan wa Republican 1980 akapanda juu ya muungano huo mpaka urais. Halafu angalia 2018, Trump wa chama hicho hicho anapiga ushuru asilimia 25 kwenye chuma cha nje, biashara huria imeenda wapi. Na Nixon, Republican huyo, ndo aliyeanzisha mamlaka yao ya mazingira 1970.

Mwalimu akaendelea, tena usichanganye lebo na chama. Zamani Democrat wa kusini walikuwa wahafidhina wa kutupwa, ndo waliokuwa wanakaza ubaguzi. 1964 rais Johnson, Democrat wa Texas, akasaini sheria ya haki za kiraia, Goldwater wa Republican akaipinga, mwaka huo huo kwenye uchaguzi wa urais Johnson akamfagia, Goldwater akabaki na Arizona kwao na majimbo matano ya kusini kabisa. Kusini ikaanza kuhama chama taratibu, ikahama na uhafidhina wake begani.

Nikauliza mama yangu je? Maana yeye kutoa mimba hataki hata kusikia, lakini zahanati anataka iwe bure na bei ya sembe ipangwe na serikali. Mwalimu akasema kwa duka la kule hana tisheti. Wapo wengi tu hata wenyewe Wamarekani, wanavaa ile inayowabana kidogo.

(Mwenzangu mmoja wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, anasema tusishangae, nguo za Marekani hapa hazijaanza na mitumba, karne ya 19 misafara ikitoka hapa Bagamoyo ilikuwa inabeba majora ya merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, jina limetoka huko huko. Ile ilikuwa mpya lakini.)

Ubora sasa. Nyekundu ni hasara, nimeloweka mara moja imetoa rangi ikanipakia kanzu ya Ijumaa pinki, na maandishi yameanza kubanduka, kwa sasa inasomeka "konsava". Muuzaji aliniapia haichuji. Ya bluu pamba nzito, haijachuja, mshono wa bega uko vizuri. Msije mkaleta siasa hapa, ni viwanda tu.

Wahini mapema kabla ya saa mbili, nendeni na chenji maana hana, na mkimkuta mwalimu kaeni na mia mbili ya kahawa, anaagizia ya kwenu. Ya bluu kaichukua mdogo wangu anaenda nayo baharini kuvua, imeandikwa nini hajui wala hajauliza.