Vyumba Vidogo vya Zoom katika Darasa Mseto: Tathmini ya Mwalimu

Mwalimu ambaye baadhi ya wanafunzi wake wameketi mbele yake na wengine wanamsikiliza kupitia intaneti akiuliza namna ya kuendesha majadiliano ya vikundi, mara nyingi huelekezwa kwenye vyumba vidogo vya Zoom, programu ya mikutano ya video: vikao vidogo ambamo washiriki wa chumba kikuu hugawanywa kwa muda ili wazungumze kwa vikundi. Nimevitumia kwa mihula minne, na ninaloweza kusema ni kwamba huduma hii inagawa watu vizuri lakini haiwaunganishi. Kazi ya kuwaunganisha bado ni ya mwalimu.

Programu inampa mwalimu njia tatu: kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, kuwapanga mwenyewe, au, tangu mwaka 2020, kuwaacha wachague chumba wanachotaka. Katika darasa mseto njia ya kwanza haifai, kwa sababu programu huona akaunti tu na haijui nani yuko darasani na nani yuko mbali, hivyo wanafunzi wawili wa dawati moja wanaweza kujikuta wakizungumza kupitia skrini. Mimi huwaomba wote watangulize herufi mbele ya majina yao, D kwa aliye darasani na M kwa aliye mtandaoni, kisha nawapanga kwa mkono.

Sauti inahitaji uangalifu zaidi. Kompyuta mbili zilizo karibu zikiachwa na vipaza sauti na spika wazi, sauti itokayo kwenye moja huingia kwenye nyingine na kuzunguka mpaka inakuwa mlio mkali usiovumilika. Tatizo hili halitokani na programu, ni tabia ya sauti yenyewe, na litatokea kwa huduma yoyote ile. Kila kikundi kiwe na kompyuta moja yenye sauti, vikundi vikae kwenye pembe za chumba, na penye nafasi kimoja kihamie ukumbini.

Vitu vidogo vimefikiriwa vema. Mwalimu anaweza kutuma ujumbe mmoja ukafika vyumba vyote, mwanafunzi ana kitufe cha kuomba msaada, na vyumba vinapofungwa huja hesabu ya sekunde 60, muda unaotosha mtu kumalizia hoja yake bila kukatizwa. Ninavyoona, hesabu hiyo ni ya thamani kuliko inavyodhaniwa. Kwa upande mwingine, rekodi inayohifadhiwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtandaoni badala ya kompyuta ya mwalimu, hunasa chumba kikuu pekee, na mwalimu hawezi kuwa katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila kikundi lazima kiandike mawazo yake kwenye hati moja ya pamoja ambayo mwalimu anaifuatilia yanapoandikwa. Kikao cha akaunti ya bure nacho hukoma baada ya dakika 40, muda usiotosha kipindi kamili.

Lakini jambo linaloamua kama majadiliano yatafaulu haliko kwenye orodha ya vipengele vya programu yoyote. Watu wanaozungumza ana kwa ana hupokezana zamu kwa haraka mno, kwa pengo la takriban milisekunde 200 tu, ilhali ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano ya simu na mitandao, linapendekeza sauti inayosafiri kwenye mtandao isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na intaneti ya kawaida huweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi. Maana yake ni kwamba aliye mbali akisikia mwenzake amenyamaza, aliyeketi mezani ameshaanza kuzungumza. Mwanafunzi huyo si mzito wala si mwoga. Zamu yake imechukuliwa kabla haijamfikia. Niliwahi kumdhania vibaya mwanafunzi mmoja kwa ukimya wake kabla sijalielewa hili, na bado linaniuma.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa chini ya dakika 10 siuchanganyi: walio darasani hugeuziana viti, walio mtandaoni huingia vyumba vidogo, na wote huandika kwenye hati ileile. Kazi ndefu naichanganya, lakini kwa sharti kwamba mwenye herufi M ndiye anayefungua mazungumzo na ndiye msemaji wa kikundi tunaporudi chumba kikuu, na walio mezani humtazama kwenye skrini na kuhesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kudakia hoja.