Traxxas T-Maxx 3.3 ndani ya Goma: linavyowaka, na linapokataa kuwaka

Jambo sana, ndugu zangu. Leo mezani nina Traxxas T-Maxx 3.3, lori la rimoti linalotumia mafuta ya nitro. Mmeniuliza sana kama linafaa huku kwetu. Linafaa. Ila kijitabu chake hakikuandikwa kwa ajili ya mji ulio mita 1,500 hivi juu ya bahari na uliojengwa juu ya makoro, yaani mawe ya volkano. Malori mengi ninayoletewa hapa yamekwama kwa sababu ya hewa ya Goma au vumbi la Goma, wala hayana ubovu wa kiwandani.

Mafuta kwanza, tuyapite haraka. Hii si esansi. Ni methanoli, nitromethani na oili, vyote vimeshachanganywa kwenye kopo. Injini hii ni ya mipigo miwili na haina oili nyingine. Ukiitilia esansi ya motari haitawaka, pistoni itakosa ulainisho, na mirija ya silikoni itaharibika. Methanoli ni sumu, hata kwa macho, na moto wake juani karibu hauonekani. Mafundi mnaovuta sigara, kaeni kule.

Haya, tuwashe. Rimoti inatangulia kuwashwa, ndipo lori, la sivyo linaweza kukurupuka lenyewe. Nachomeka hiki kishikio cha EZ-Start, kiwashio cha umeme cha lori hili, ndani kuna betri ya volti 7.2, nabonyeza. Angalieni mrija: mafuta yanatembea, yamefika kwenye karburateri. Yasipofika, ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kidole sekunde moja tu, injini ikiwa bado baridi, presha irudi kwenye tanki iyasukume. Sasa... sikieni. Imeshika.

Na ikikataa? Hapa vijana wengi wanakimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha sindano za karburateri, zile skrubu za kuongeza na kupunguza mafuta. Mdogo wangu, weka bisibisi chini. Anza na buji.

Buji ya nitro haitoi cheche kama ya pikipiki. Ndani ina waya mwembamba wenye platinamu. Unapashwa moto na umeme wakati wa kuwasha tu, kisha methanoli yenyewe, ikikutana na platinamu na joto la silinda, inaendelea kuuweka mwekundu. Ifungue kwa ufunguo wa milimita 8, ichomeke kwenye kiwashio cha mkono cha volti 1.5, mbali na mafuta. Waya wote ung'ae rangi ya chungwa. Ukiona nusu inang'aa na nusu imelala, itupe. Na tafadhali, kuna watu wanaipima kwa betri ya pikipiki ya volti 12! Hapo utaona mwanga mzuri sana, mara moja tu, kwa mara ya mwisho.

Buji nzima lakini EZ-Start inagoma kuzunguka, au taa ya mota kwenye kishikio inazimika? Injini imefurika. Mafuta yameingia mengi juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi, kwa hiyo ukilazimisha unapinda fimbo ya pistoni. Ondoa buji, chomoa waya wake, geuza lori kichwa chini, funika tundu kwa kitambaa, bonyeza sekunde chache. Ona yanavyoruka. Usiweke uso hapo. Injini mpya kabisa inaweza kukaza hata bila kufurika, maana silinda imebana kwa juu makusudi. Asubuhi yenye baridi ipashe kichwa kwa seshwari ya nywele ya dada yako, umeme ukiwepo.

Buji ni nzima, silinda ni kavu, mafuta yanafika: sasa chukua bisibisi. Huku juu hewa ni nyepesi, msukumo wake uko chini ya ule wa pwani kwa asilimia 15 hivi, lakini karburateri inatoa mafuta kwa vipimo vya kule chini. Ndiyo maana lori likitoka kwenye boksi hapa Goma linafuka moshi mzito, linakohoa ukiongeza mwendo, na kuzima. Sindano ya mwendo wa juu izungushe kulia, kupunguza mafuta, robo ya robo ya mzunguko kila mara, kisha likimbize uone. Lakini kama ni jipya, matanki 5 ya kwanza usiliwinde spidi. Punguza kiasi cha kulifanya litembee tu, mafuta ya ziada yanalinda vyuma vinavyozoeana.

Utajuaje umepita kiasi? Dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Likichemka taratibu sekunde 3 hadi 5, sawa. Likiruka papo hapo, injini inaungua, rudisha kushoto. Mwenye kipimajoto asivuke digrii 130. Na moshi mwembamba wa bluu lazima uonekane nyuma, moshi huo ndio ushahidi kwamba oili inapita.

Sindano ya mwendo wa chini inafuata, injini ikiwa moto. Bana mrija wa mafuta likiwa linanguruma papo hapo: lipandishe sauti kidogo, lizime baada ya sekunde 2 au 3. Likipanda sana kwanza, punguza mafuta. Likizima ghafla, ongeza.

Sasa vumbi, na hapa sina utani. Vumbi la makoro ni jiwe la volkano lililosagwa, ni gumu, ni msasa. Sifongo ya filta ioshwe, ikauke, ipakwe oili ya filta mpaka ienee yote, kila baada ya mchezo. Sifongo kavu inapitisha vumbi hata kama inaonekana safi, na silinda ikishakwanguka, kompresheni imekwenda. Hakuna sindano itakayoirudisha. Ukimaliza kucheza, acha injini iyamalize mafuta yote, dondoshea oili ya kuhifadhi kwenye tundu la buji, uzungushe. Methanoli inavuta unyevu, na beringi zinaota kutu kimyakimya.

Je, ununue? Kama unataka kumfurahisha mtoto Jumapili, chukua la umeme, majirani nao watakushukuru. Hili ni la mtu anayependa kuchafuka mikono. Injini naipenda, ina nguvu kuliko umbo lake, na EZ-Start inashinda kamba ya kuvuta kwa mbali. Shida ni mafuta: ndege za abiria haziyabebi, yanawaka, kwa hiyo yaje kwa barabara. Ulizia kopo kwanza, na buji mbili za akiba. Ukishavipata, ndipo uulizie bei ya lori.