Kioo cha mdomoni chenye taa: kinaonyesha vizuri, ila usilale nacho chumbani

Watu wa Tanga mnaouliza hivi vioo vya kuangalia mdomoni vyenye taa kama vinafaa kitu, haya, mimi ninacho na nakitumia, ntawaambia uzuri wake na ubaya wake. Mimi sio daktari wala sina duka. Nilikuwa na kansa ya ulimi, upande wa kushoto, nikakatwa kipande huko Dar na mionzi nikapigwa Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya huko huko, sasa hivi naenda kliniki za kuangaliwa tu. Anaetaka kioo cha kutafuta jino lililotoboka asome pia, lakini hapa naongea zaidi na wenzangu ambao kikitokea kipele tu mdomoni roho inakuwa mkononi.

Nimekinunua duka moja la vifaa vya hospitali hapa mjini, muuzaji alianzia elfu 18 tukaelewana 15. Ni kijiti cha plastiki urefu wa mswaki, mbele kuna kioo cha duara, ubavuni kuna kitaa cha LED, na nyuma ndo unapoweka betri, zile ndogo bapa za saa. Boksini hamna hata jina la kampuni, kuna Kichina kingi na Kiingereza kidogo kinachodai eti kinagundua magonjwa ya kinywa mapema. Hapo wamedanganya. Kioo hakigundui kitu, kinakuonyesha tu, anaegundua ni dokta akikuangalia na kukupapasa shingo, na akiona kuna haja anakata kinyama kinaenda maabara. Nimeliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu mtu akiogopa huwa anaamini maandishi ya boksi kuliko anavyomwamini dokta.

Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni ukungu. Unakiingiza tu, pumzi inakipiga, huoni kitu. Dawa yake chovya kioo kwenye maji ya uvuguvugu sekunde chache, futa kwa kitambaa laini, alafu pumulia pua wakati unaangalia. Usikichemshe! Ni plastiki, kitapinda, na maji yakiingia kwenye betri ndo umekwisha. Wenye mdomo mkavu kama mimi, maana mionzi inaharibu tezi za mate, kilowesheni kwanza kwa maji la sivyo kinanata kwenye shavu na ukikivuta kinachubua, alafu kesho yake unaona pekundu pale pale unaanza kulia bure. Na nyie ambao taya limekaza baada ya mionzi, kichwa cha hiki kioo ni kinene, mdomo usipofunguka vizuri hakifiki nyuma, usilazimishe.

Taa yake ni kali, hilo nawapa. Ila ni nyeupe ya kuelekea bluu, na ile taa inafanya nyama ya mdomoni ionekane imepauka, kitu cheupe kidogo kinaonekana cheupeee. Mimi nikiona kitu kwa taa yake huwa nasogea dirishani mchana naangalia tena kwa mwanga wa jua, mara nyingi ule weupe unapungua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndo watu wengi wanaumia.

Mdomo ukiutazama kwa karibu una vitu vya ajabu ambavyo umeishi navyo na hujawahi kuviona maisha yako yote. Siku ya kwanza ukiingiza kioo chenye taa unaviona vyote kwa mpigo, na wewe ni mtu uliyepona kansa, kila kimoja kinakuambia nimerudi. Nesi mmoja wa kliniki ya meno, mama mtu mzima mwenye subira zake, alinikalisha akanionyesha kimoja kimoja kabla sijakianza hiki kioo na naona hiyo ndo ingepaswa kuandikwa kwenye boksi badala ya ule uongo. Kule nyuma kabisa ya ulimi kuna vinundu vikubwa vimejipanga safu kama herufi V, huwa vinafika kumi hivi, ni vya kawaida, ni vya kuonjea ladha, kila mtu anavyo. Pembeni ya ulimi huko nyuma kuna mikunjo mikunjo myekundu, nayo ni ya kawaida, ila pembeni ya ulimi ndo pia mahali kansa hupenda kuanzia kwa hiyo hapo usiseme tu ni kawaida, linganisha kulia na kushoto, na kama upande mmoja uko tofauti muonyeshe dokta. Ndani ya shavu, usawa wa magego ya juu, kuna kinundu kidogo kila upande, hapo ndo mate yanatokea. Mstari mweupe shavuni unaofuata meno yanapokutana, huo ni wa kung'ata ng'ata. Chini ya ulimi mishipa ya bluu, wazee inavimba zaidi. Wengine katikati ya paa la mdomo wana nundu ngumu ya mfupa, haina ubaya, inakua polepole miaka na miaka, mtu anaigundua akiwa na miaka 50 anadhani imeota jana.

Na waliofanyiwa opereshini mna vya kwenu vya ziada. Kovu lina rangi yake. Waliozibiwa kwa ngozi ya kifuani au ya mkononi, ile ngozi inabaki ngozi, inapauka na inaweza kuota nywele mdomoni, kuna baba mmoja wa Muheza tulikuwa tunakaa benchi moja kule Ocean Road alikuwa anacheka mwenyewe anasema yeye ndo mwanaume pekee anaenyoa ulimi. Shingoni pia, ukishatolewa tezi za upande mmoja ule upande unakuwa bapa, basi ule mwingine ulio mzima ukiupapasa unadhani una uvimbe.

Mwee, nimeandika marefu, lakini hii elimu ingekuwa inauzwa pamoja na kioo ningetoa hata elfu 30.

Utaratibu wangu ni huu, nimeupata kwa huyo huyo nesi na dokta wa kliniki akaukubali. Naangalia mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya kwanza, asubuhi, nikishapiga mswaki na kabla sijala. Sio kesho yake nikitoka kula urojo wa pilipili, maana mdomo uliopigwa mionzi unapata wekundu kwa vitu vidogo, hata machungwa ya Muheza yananichoma mimi niliyekuwa namaliza fungu zima. Nikiona kitu kipya napiga picha kwa simu, naandika tarehe, alafu nakiacha. Sikigusi kwa ulimi wala kidole wala chumvi wala mwarobaini. Kidonda cha kawaida, cha kujing'ata au vile vya kuja vyenyewe, kinapona ndani ya wiki moja au mbili. Kikifika wiki 2 bado kipo naenda kuonyesha, siku hiyo hiyo, sisubiri tarehe ya kadi. Na kuna vitu havisubiri hata hizo wiki 2: uvimbe shingoni unaokua, damu inayotoka bila sababu, kushindwa kumeza, jino kulegea ghafla, ganzi mpya ya mdomo au kidevu. Hivyo ukiviona panda bajaji nenda.

Hiyo ya kuandika tarehe ndo imenisaidia kuliko kioo chenyewe, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hesabu zinampotea, kidonda cha juzi anaona kina mwezi, na kuna wengine kinyume chake, kina mwezi anasema ni cha juzi. Picha haidanganyi, na dokta ukimpa simu anaona kilivyokuwa na kilivyo leo, hata maswali yanapungua.

Hiki kioo chenyewe mimi sikai nacho, anakaa nacho binti yangu kabatini kwake. Nilimpa kwa makusudi siku nilipokinunua maana najijua. Wasiwasi wa huu ugonjwa unapenda usiku, mchana una biashara na watu wanapita unasahau, ikifika saa 8 usiku umeme umekatika na joto la Ngamiani unalijua, sikio linavuta kidogo basi unaanza. Sikio kwa sisi ni jambo kwa kweli, maumivu ya ulimi na koo yanaweza kusikika sikioni, likiuma upande mmoja bila kuacha linatakiwa kuangaliwa. Lakini pia taya lililokazwa na mionzi linauma mpaka sikioni na hilo halina ubaya huo. Sasa saa 8 usiku utajuaje ni lipi? Hujui, na kioo hakifiki sikioni. Usiku mmoja nikamgongea.

"Mama, unataka kioo?"
"Nataka niangalie tu kidogo mwanangu."
"Leo tarehe ngapi?"
"Ishirini na..."
"Haya mama, Jumamosi ya kwanza ikifika mtaonana. Njoo ulale huku, nikuchemshie chai?"

Nikanywa chai, ya maziwa, ya vuguvugu. Hofu haikuisha, tusidanganyane, ila asubuhi sikio lilikuwa limetulia na sikuwa nimejichokonoa. Nyie msio na mtu wa kuwafichia, wekeni kwa jirani, au dukani kwenu, popote mbali na kitanda. Maana kuchungulia kila saa kunakupa amani ya dakika tano alafu unataka tena, na ukishika shika sehemu moja sana inavimba kweli.

Kioo kimenifaa kweli? Ndio. Jumamosi moja niliona shavuni upande uleule wa kushoto pamekwaruzika, peupe, na kidonda kidogo katikati. Picha, tarehe, nikasubiri. Siku zikaisha bado kipo nikaenda kliniki ya meno, dokta akapitisha kidole chake kwenye gego langu akasema hili limevunjika ncha lina makali linakusugua. Akalisawazisha kwa mashine, haikuchukua muda, akasema rudi baada ya wiki 2 nione, kikiwa bado kipo nakata kinyama. Nikarudi pamepona. Zile wiki nililala vibaya, lakini nilikuwa nalala vibaya nikiwa na mpango, na kwangu huo ni unafuu. Na hapo hapo niseme, kama ulipigwa mionzi usikubali kung'olewa jino na yeyote kabla hujamwambia, mfupa wa taya uliopigwa mionzi unaweza kukataa kupona, wengine vijana wa kliniki hawaulizi, sema mwenyewe hata kabla hujakaa kwenye kiti.

Kuna swali huwa naulizwa kila nikitaja hiki kioo, eti ulikuwa unakula tambuu? Sijawahi. Wala ugoro wala sigara. Tambuu yenye popoo na tumbaku inaleta kansa ya mdomo kweli, kuberi na ugoro pia, pombe na sigara vikikutana ndo zaidi, na mnaotafuna mnapaswa kuangaliwa midomo hata kama hamuumwi. Lakini wako waliougua bila hivyo vyote na kuulizwa kila siku kunachosha.

Lingine, watu wa dukani huwa wanakuambia nunua na mauthiwoshi. Zile zenye spiriti zinachoma na mdomo mkavu zinaukausha zaidi, pesa hiyo nunua dawa ya mswaki yenye floraidi na mswaki laini, meno yasiyo na mate yanaoza haraka.

Kliniki zangu zilipoanza kuachana miezi ndo hiki kioo kikaanza kuwa na maana, maana mwaka wa kwanza wanakuita karibu karibu, baadae wanarefusha, na wengi ukifika miaka 5 inakuwa mara moja kwa mwaka. Kansa ikirudi mara nyingi ni ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, kwa hiyo kadi kurefushwa ni habari njema, ila kuna wenzangu wanalia wakirefushiwa, wanahisi wameachwa peke yao barabarani. Hao nawaelewa na kwao kioo cha mara moja kwa mwezi kinajaza lile pengo. Kwa mtu ambae bado yuko kwenye ile hali ya kujiangalia kila akipita kwenye kioo cha bajaji, mimi nasema asinunue kwanza, aongee na daktari wake kuhusu wasiwasi wenyewe, aseme wazi kwamba silali, hiyo nayo ni shida inayotibiwa na wala huonekani mwendawazimu.

Nyota nakipa 3 na nusu kati ya 5. Taa nzuri, mshiko hautelezi, kusafisha rahisi, unakiosha na sabuni na maji unakianika. Nimepunguza kwa ukungu, kwa kichwa kinene, kwa uongo wa boksi, na kwa mfuniko wa betri ambao hauna skrubu, unafunguka kwa kucha. Hili la mwisho ni zito kwa wenye watoto ndani: betri hizi mtoto akimeza zinaunguza koo la chakula ndani ya saa 2 tu, ni ya kukimbiza hospitali hapo hapo bila kungoja apate dalili. Mimi nimezungushia selotepu mara mbili na nimemwambia binti akiweke rafu ya juu. Betri mpya nauziwa kwa fundi saa wa barabara ya 12, mpelekee kioo chenyewe apime saizi maana dukani nilikokinunua wenyewe hawazijui.