Nyusi za kudumu: usafi wake umeniridhisha

Nyusi nilizochorwa kwa sindano na rangi zimetoka zimelingana, lakini sifa kubwa ninayompa mtaalamu huyu ni ya usafi. Leseni iko ukutani, muda wake haujaisha. Sindano aliifungua mbele yangu kutoka kwenye pakiti yake, rangi akaimimina kwenye kikombe kidogo cha kutumika mara moja. Simu ilipoita akaizima, kisha akavua glavu, akanawa mikono, akavaa nyingine. Hapo nikatulia kabisa, maana virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale damu isipoonekana kwa macho. Kasoro ni moja: fomu ya kuuliza mzio na dawa ninazotumia nilipewa nikiwa nimeshalala kitandani. Ilipaswa kutangulia.