Usajili wa alama za biashara BRELA: unamfaa mjasiriamali mdogo?

Wajasiriamali wengi wa Tanzania Bara wametundika ukutani cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na kuamini kwamba jina lao limelindwa. Halijalindwa. Cheti kile kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani. Hakimpi mwenye nacho haki ya pekee ya kulitumia jina hilo kwenye bidhaa. Haki hiyo hutoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na anayeisajili ni BRELA hiyo hiyo. Huduma hii tunaipendekeza bila kusita, ila kuna mahali pawili ambapo watu hupoteza ada yao bure.

Ombi hufanyika kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao. Unaingia kwa namba ya NIDA, unajaza taarifa za mmiliki, unapakia nembo, unataja bidhaa, kisha unapewa namba ya malipo. Kama umeshafungua kampuni, andika kampuni kuwa mmiliki, maana kuihamisha alama baadaye ni kazi nyingine yenye gharama zake.

Penye mtego wa kwanza ni daraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma, na kila daraja lina ombi lake na ada yake. Msindikaji mdogo wa vyakula ndiye anayeumia zaidi hapa. Siagi ya karanga iko daraja la 29 pamoja na mafuta ya alizeti. Asali, viungo na pilipili ya chupa viko la 30. Juisi ya ukwaju iko la 32. Unga wa lishe kwa kawaida ni la 30, lakini ukiuandika kuwa chakula cha watoto wachanga unahamia la 5. Aliyesajili daraja la 30 peke yake akidhani vyakula vyote vimo humo, siagi yake ya karanga imebaki nje. Fedha ikitosha daraja moja tu, anza na bidhaa inayokuuzia zaidi.

Mtego wa pili ni jina lenyewe. "Asali Safi" au "Unga Bora" ni maneno ambayo kila muuzaji anayahitaji kuisifu bidhaa yake, kwa hiyo msajili ana kila sababu ya kuyakataa. Jina la kubuni, lisiloieleza bidhaa, ndilo lenye nguvu. Kabla ya kuchapa lebo hata moja, fanya upekuzi wa alama zilizopo katika daraja lako, na usiishie kwenye tahajia. Alama inayosikika karibu sawa na ya mwingine nayo huzuiwa, kwa kuwa mteja dukani anaweza kuzichanganya.

Ombi likikubaliwa, alama hutangazwa kwenye jarida la msajili, na mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Jarida hilo lisome hata baada ya kupata cheti chako. Hapo ndipo unapoweza kumzuia anayetaka kusajili jina linalofanana na lako, kwa gharama ndogo kuliko kesi ya mahakamani.

Ulinzi hudumu miaka 7 kuanzia tarehe ya kuwasilisha ombi, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Alama isiyotumika miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa, hivyo usilipie madaraja ambayo huna mpango wa kuyafanyia kazi.

Kasoro kubwa ya cheti hiki haimo mikononi mwa BRELA: hakivuki bahari wala mpaka. Viungo vinavyouzwa Kariakoo na Darajani vinahitaji usajili wa pili Zanzibar, kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa huko, na anayepeleka mzigo Kenya ana ombi jingine la kuwasilisha KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara.